Uzi: Kupanga fleti yenye roshani viungani mwa jiji. Pima maji, pima saa, ndipo utie sahihi

#1 TepuMkononi

Salaam wakuu. Nafungua uzi huu kwa wanaotafuta fleti ya kupanga nje ya jiji, ile ambayo dalali anaimaliza kwa maneno mawili: "ina roshani". Roshani huuza nyumba kuliko jiko na bafu kwa pamoja, na ndiyo sehemu inayokaguliwa kwa macho tu. Mtu anatoka nje, anavuta hewa, anaona miti, anarudi ndani akiwa ameshakubali kodi. Tuweke hapa yale yanayopimika, ili anayekwenda kuangalia nyumba aende na zana na maswali.

Vya kubeba: tepu ya mita 5, chupa ya maji ya lita 5, tochi, sarafu ya chuma, na simu yenye dira na pimamaji.

Anza na upana, yaani kutoka ukuta wa nyumba hadi uso wa ndani wa ukingo. Huo ndio unaoamua roshani itatumika kwa nini. Chini ya sentimita 90 ni pa kuanikia nguo na kusimama. Mita 1.2 inachukua meza ndogo ya sentimita 60 na viti viwili vikiwekwa ubavuni mwa meza, sambamba na ukuta. Ukitaka watu wanne wazunguke meza, tafuta upana wa karibu mita 2, kwa sababu meza ya sentimita 80 inahitaji sentimita 60 za kiti kila upande, na anayeinuka husukuma kiti nyuma zaidi ya hapo. Angalia na mlango unafunguka wapi. Wa sentimita 80 unaofunguka kuelekea nje unafuta robo duara nzima ya nafasi, na hapo huwezi kuweka chochote cha kudumu.

Muulize dalali kama mita za mraba alizotaja zimehesabu roshani. Fleti ya mita 60 ambayo 8 kati yake ni roshani ina mita 52 za kuishi. Hakuna ubaya, ila usiilinganishe na ya mita 60 kamili za ndani kana kwamba ni sawa.

Mafundi na wenye uzoefu wa kusafiri kila siku, karibuni.

#2 FundiZege

Asante mkuu kwa uzi. Mimi nitashika upande wa maji na zege, kwa sababu karibu kila roshani inayoharibika huanzia kwenye maji.

Kwanza tambua ni roshani ya aina gani. Ipo iliyoingia ndani ya jengo, ina kuta pande tatu. Hiyo ina nguvu na ni salama zaidi, lakini kumbuka kuwa sakafu yake wakati mwingine ni dari ya chumba cha mtu wa chini. Ipo inayobebwa na nguzo au boriti. Na ipo inayoning'inia, bamba la zege limetoka ukutani bila kushikiliwa chini. Hii ya tatu ndiyo inayohitaji jicho kali.

Sababu ni hii. Bamba linaloning'inia huvutwa upande wa juu, hivyo nondo zake kuu hukaa juu, karibu na uso unaoukanyaga. Wakati wa kumwaga zege, vibarua wakizikanyaga zikashuka hata sentimita chache, nguvu ya bamba hupungua sana na hakuna atakayeona kwa nje. Na kwa kuwa nondo ziko juu, maji yanayopenya kwenye vigae huzifikia mapema. Chuma kikishika kutu hupanuka mara kadhaa ya ujazo wake wa awali, na zege linapasuka kutoka ndani. Karibu na bahari chumvi huharakisha kazi hiyo.

Kwa hiyo tafuta ufa unaokwenda sambamba na ukuta, pale bamba linapokutana na nyumba, upande wa juu. Nywele ndogo za nyufa kwenye lipu si habari kubwa. Ufa ulionyooka unaoingiza ukucha, au vigae vilivyopasuka kwa mstari mmoja hapo hapo, ni sababu ya kuondoka bila kujadili kodi. Kisha shuka chini utazame tumbo la roshani hiyo kwa tochi. Michirizi ya rangi ya kutu, zege lililobanduka hadi nondo zinaonekana, na chumvi nyeupe inayoota kama unga ni dalili kwamba maji yameshapita ndani. Rangi mpya kwenye sehemu moja tu ya dari, wakati pengine pote ni ya zamani, nayo ina jambo inaloficha. Uliza.

Sasa maji. Omba ruhusa, mwaga lita 5 polepole karibu na mlango. Sakafu nzuri hushuka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, kwa hiyo roshani ya upana wa mita 1.5 itatofautiana sentimita 1.5 hadi 3 kati ya mlangoni na ukingoni. Maji yakirudi kuelekea mlangoni, huo ni mteremko wa kinyume, na hautibiki kwa silikoni. Lazima vigae ving'olewe na sakafu imwagwe upya. Dimbwi dogo linalobaki baada ya nusu saa linavumilika kama haliko mlangoni.

Kizingiti: pima kimo kutoka sakafu ya roshani hadi mahali ambapo maji yangeweza kuingia ndani. Kizuri ni sentimita 15. Zikiwa 5 au chini, mvua ya upepo itaingia, na mbao au kabati lililo karibu na mlango litavimba.

Kingine ambacho wengi hawakiangalii: kama ukingo ni ukuta mzima wa matofali badala ya vyuma, lazima kuwe na tundu la pili la dharura juu kidogo ya sakafu. Tundu kuu likizibwa na majani au mfuko, roshani inageuka karai. Mita za mraba 6 zikijaa kina cha sentimita 10 ni lita 600, yaani kilo 600 zilizoongezeka kwa mvua moja.

Mwisho gonga vigae kwa sarafu, kimoja baada ya kingine, hasa pembeni. Sauti ya utupu maana yake kigae kimeachia na maji yanakaa chini yake.

#3 Mchungulia

Mkuu FundiZege, somo limeingia. Na roshani za mbao au chuma je? Siku hizi zipo nyingi kwenye majengo mapya.

#4 FundiZege

Mbao ni hatari ya kimya zaidi, kwa kuwa huoza ndani huku nje ikiwa imefunikwa vizuri. Mfano unaofahamika ni wa Berkeley, California, Marekani, Juni 2015: roshani ya ghorofa ya nne iling'oka usiku ikiwa imejaa watu, 6 wakafariki. Boriti za mbao zilizokuwa zimetoka ukutani zilikuwa zimeoza kwa unyevu ulionaswa ndani. Jengo lilikuwa na umri wa miaka michache tu. Baada ya hapo, mwaka 2018, jimbo hilo likapitisha sheria ya kukagua roshani za mbao kwa vipindi. Kwa hiyo kwenye mbao upya wa jengo usikutulize. Bonyeza kwa ufunguo sehemu za chini na pale mbao inapoingia ukutani. Ikibonyea, basi.

Kwenye chuma tazama maungio na boliti zinazoingia ukutani. Rangi iliyovimba kama malengelenge ina kutu chini yake.

Na ukingo wenyewe, uwe wa zege au wa chuma, ujaribu kwa mkono. Simama imara kwa miguu miwili, shika bomba la juu, sukuma na kuvuta. Usiuegemee kwa mwili. Vyuma hufa kwanza pale vinapoingia sakafuni, maana maji hukaa hapo. Ukingo ukicheza hata kidogo, hiyo ni kazi ya kufanywa kabla ya kuhamia, si ahadi ya baadaye.

#5 BibiMajirani

Wanangu, wenye watoto msipite hapa haraka. Kanuni za ujenzi za nchi nyingi zinataka ukingo wa roshani uwe na kimo cha kati ya mita 1 na mita 1.1, na nafasi kati ya vyuma isipitishe mpira wa kipenyo cha sentimita 10, kwa sababu mwili wa mtoto mdogo ukipita kichwa hubaki. Pimeni pia nafasi iliyo kati ya chuma cha chini na sakafu, mara nyingi hiyo ndiyo kubwa.

Vyuma vilivyolala ni ngazi kwa mtoto wa miaka mitatu. Chagueni vilivyosimama. Kama nyumba mnayoipenda ina vilivyolala, muombeni mwenye nyumba ruhusa ya kufunga wavu au bamba upande wa ndani, na ruhusa hiyo iandikwe. Na kimo cha ukingo huhesabiwa kutoka juu ya kitu kinachokanyagika. Ukiweka sanduku la maua la sentimita 40 karibu na ukingo wa mita 1.1, kwa mtoto aliyepanda umebaki ukingo wa sentimita 70.

#6 NauliNaSaa

Niingie kwenye nusu ya pili ya kichwa cha uzi, saa. Fleti ya viungani hupangwa pamoja na safari yake. Wapangaji wengi hupewa sentensi moja, "dakika 40 hadi mjini", na hiyo ni dakika 40 za gari likiwa linatembea.

Hesabu mlango hadi mlango, vipande vitano: kutembea hadi kituoni, kungoja, kupanda, kubadilisha kama kupo, kutembea hadi kazini. Mtu mzima hutembea karibu mita 80 kwa dakika, kwa hiyo kilomita 1 ni dakika 12 hadi 13 bila kungoja kuvuka barabara. Usiamini umbali wa kwenye ramani uliopigwa mstari ulionyooka. Reli, mto au ukuta mrefu vinaweza kuuzidisha maradufu.

Kungoja ndipo hesabu inapokosewa. Gari au treni ikipita kila dakika 20 kwa uhakika, wastani wa kungoja ni dakika 10. Lakini mabasi yakija kwa kufuatana, moja baada ya dakika 5 na linalofuata baada ya 35, wastani wa kupita bado ni 20 huku wastani wa kungoja ukipanda hadi karibu dakika 16. Sababu ni kwamba mtu anayefika kituoni bila ratiba ana nafasi kubwa zaidi ya kuangukia pengo refu. Kwa hiyo swali la kuuliza majirani si "yanapita kila baada ya muda gani" bali "pengo refu kabisa ni lipi asubuhi". Na la pili: gari la mwisho la usiku linaondoka mjini saa ngapi.

Kubadilisha gari kuna gharama iliyojificha. Ukichelewa dakika 2 tu ukakosa la pili, umepoteza pengo lake lote. Safari moja ya dakika 50 ukiwa umekaa inaweza kukufaa kuliko ya 40 yenye mabadilisho mawili.

Jaribu mwenyewe, siku ya Jumanne hadi Alhamisi, isiwe likizo ya shule. Fika eneo hilo kabla ya saa 12 asubuhi, uondoke kama mpangaji. Rudia jioni, kwa kuwa foleni ya kurudi haifanani na ya kwenda. Ukipata safari tano, panga maisha yako kwa ile ndefu kuliko zote, maana ndiyo itakayokukuta siku ya kikao.

Kisha geuza kuwa mwezi. Siku 22 za kazi ni safari 44. Kila dakika 15 zinazoongezeka kwa safari moja ni saa 11 kwa mwezi. Nauli nayo zidisha kwa 44, uijumlishe na kodi, ndipo ulinganishe nyumba mbili. Punguzo la kodi linaloliwa na nauli na saa 11 si punguzo.

Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey walichunguza takwimu za Ujerumani wakakuta kwamba wenye safari ndefu za kazini waliripoti kuridhika na maisha kwa kiwango cha chini kuliko wengine, yaani nyumba nzuri au mshahara mkubwa havikuifidia safari ipasavyo. Naamini ni kwa sababu nyumba unaizoea, foleni huizoei.

#7 UpepoWaJioni

Hoja ya NauliNaSaa inagusa roshani moja kwa moja. Ukiondoka saa 11 na nusu alfajiri na kurudi saa 1 na nusu usiku, siku za kazi roshani yako ni ya usiku tu. Karibu na ikweta jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, kwa hiyo usitegemee jioni ndefu za msimu fulani. Hivyo uikague usiku. Dalali atakuonyesha saa 4 asubuhi, kukiwa na mwanga mzuri na kimya. Omba kurudi saa 2 usiku.

Cha kwanza utakachokiona ni joto. Ukuta wa zege au tofali unaopigwa na jua la mchana hauachii joto papo hapo, unalipitisha polepole na kulitoa saa kadhaa baadaye. Roshani na chumba vinavyotazama magharibi huwa na joto kali hasa wakati unarudi na kutaka kulala. Weka kiganja ukutani kwa ndani saa 2 usiku, utajua. Karibu na ikweta jua huegemea kaskazini katikati ya mwaka na kusini mwishoni mwa mwaka, lakini kila siku hupita mashariki na magharibi, kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini ndizo zinazopumzika. Mbali na ikweta mambo hubadilika. Kaskazini mwa dunia, roshani inayotazama kusini hupata jua wakati wa majira ya baridi, na watu huitafuta.

Roshani ya jirani wa juu ni kofia yako. Hukinga jua la utosini vizuri, lakini jua la saa 10 alasiri huingia chini yake. Dhidi ya hilo unahitaji kitu kilichosimama, kama pazia la mianzi au la turubai linaloning'inizwa nje ya kioo. La nje ni bora kuliko la ndani, kwani joto likishapita kioo limeshaingia nyumbani.

Dira ya simu ishikwe mbali na vyuma vya ukingo, vinginevyo itakudanganya.

Na upepo: dirisha au mlango wa upande mmoja tu huingiza hewa hadi umbali wa mara 2 hadi 2.5 ya kimo cha chumba. Dari ikiwa mita 2.7, hewa inafika mita 5.4 hadi 6.7. Sebule ndefu kuliko hapo bila dirisha upande wa pili itabaki nzito hata roshani ikiwa wazi. Fungua mlango wa roshani na dirisha la jikoni kwa pamoja, shika karatasi nyepesi katikati ya sebule. Isipotikisika, hewa haipiti.

#8 KambaYaNguo

Niitetee magharibi kidogo. Kwa anayefua jioni au mwishoni mwa juma, roshani ya jua la alasiri hukausha nguo vizuri, ya mashariki hupata jua asubuhi tu. Ila kabla ya yote soma kanuni za jengo, mengine hayaruhusu nguo kuonekana kutoka barabarani. Hapo kamba iwe chini ya kimo cha ukingo, na ukingo wa kioo hautakusaidia.

#9 SikioLaUsiku

Kelele. Sauti ya barabara yenye magari mfululizo hupungua desibeli 3 tu kila umbali unapozidishwa mara mbili. Kutoka mita 30 hadi 60 hutasikia tofauti kubwa, kwa kuwa sikio huhesabu "nusu ya kelele" pale zinapopungua karibu desibeli 10. Kinachosaidia kweli ni jengo lenyewe kusimama katikati, yaani roshani na chumba cha kulala vitazame uani.

Ghorofa ya juu si kimya kila wakati. Chini kuna kuta na vibanda vinavyokinga, juu hakuna kitu kati yako na barabara kuu. Ukingo mzima wa ukuta hukinga sauti kwa aliyekaa, wa vyuma haukingi.

Milango ya slaidi ndiyo mdomo wa kelele. Ifunge, pitisha kiganja kwenye maungio, na usiku mwenzako amulike tochi kutoka nje. Panapopita mwanga hupita sauti, vumbi na mbu. Sikiliza pia mashine za nje za viyoyozi vya majirani. Ikiwa ya jirani inapuliza kuelekea kwako, joto lake na maji yake ni yako.

#10 Mchungulia

Wakuu, nimeona tangazo la roshani iliyozungushiwa vioo na mwenye nyumba anaiita chumba cha ziada. Ichukuliwe?

#11 FundiZege

Kwa masharti. Kwanza angalia chumba cha nyuma yake. Kama dirisha lake pekee linafungukia kwenye roshani hiyo, basi chumba hicho hakina tena dirisha la nje, hewa na mwanga vimekuwa vya mkopo. Pili, kama bomba la moshi la hita ya gesi limetokea roshani na sasa limefungiwa ndani ya vioo, usihamie. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi na huua watu usingizini. Kwa sababu hiyo hiyo jiko la mkaa halitumiki kwenye roshani iliyofungwa, hata dirisha moja likiwa wazi. Tatu, uliza kibali. Kioo na fremu ni uzito uliowekwa ukingoni kabisa mwa bamba, mahali pabaya kuliko pote.

Uzito kwa jumla: roshani za makazi husanifiwa kubeba takriban kilo 200 hadi 400 kwa mita ya mraba, kutegemea kanuni ya nchi. Watu wamesimama pamoja wanaingia humo. Tangi la maji la lita 1,000 haliingii, ni tani moja kwenye mita moja ya mraba. Chungu cha lita 30 chenye udongo uliolowa ni karibu kilo 50, na vyungu kumi mstari mmoja ukingoni ni nusu tani. Vizito viwekwe karibu na ukuta wa nyumba. Kadiri uzito unavyokwenda mbali na ukuta, ndivyo bamba linavyovutwa zaidi, hata kilo zikiwa zile zile.

Mashine ya kufulia ikiwa roshani, taka soketi yenye kifuniko cha kuzuia maji na kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile cha miliampea 30. Bonyeza kitufe chake cha majaribio chenye herufi T. Umeme ukatike mara moja. Usipokatika, hakuna ulinzi.

#12 KufuliMbili

Usalama, kwa ufupi. Roshani ya ghorofa ya kwanza inafikika kwa ngazi au bomba la maji, ya juu kabisa inafikika kutoka paani, na yoyote inafikika kutoka ya jirani kama pengo ni chini ya mita moja na nusu. Mlango wa slaidi jaribu kuuinua ukiwa umefungwa. Mlango ukipanda na kutoka kwenye reli yake, unahitaji vizuizi juu ya fremu, na fimbo ya mbao iliyokatwa sawasawa ilazwe kwenye reli ya chini.

Vyuma vya kuzuia wezi ni vyema, lakini moto ukishika jikoni roshani ndiyo njia ya pili ya kutoka. Lazima sehemu moja ifunguke kutoka ndani, na ufunguo uwe mahali ambapo kila aliye ndani anapajua, pasipofikiwa na mkono wa mtu wa nje.

#13 KaratasiKwanza

Haya yote yageuzwe maandishi, vinginevyo ni mazungumzo. Sheria za pango hutofautiana nchi hadi nchi, ila mambo haya yanafaa kuwa kwenye mkataba popote:

Roshani itajwe kuwa sehemu ya kilichopangishwa, na nani anatengeneza nini. Mgawanyo wa haki ni kwamba mpangaji husafisha tundu la maji na sakafu, mwenye nyumba hubeba bamba, ukingo, tabaka la kuzuia maji na mlango. Mkataba ukisema "matengenezo yote ya roshani ni ya mpangaji", usitie sahihi kabla ya kurekebishwa, kwa sababu tabaka la kuzuia maji likifeli na dari ya wa chini ikaharibika, utaambiwa ulipe.

Kilichoruhusiwa na kilichokatazwa: nguo, mimea, dishi la satelaiti, pazia la nje, wavu wa watoto, kutoboa ukuta. Kimoja kimoja, siyo "kwa busara".

Amana: kiasi, inarudishwa ndani ya siku ngapi, na inakatwa kwa sababu zipi. Kupanda kwa kodi: mara ngapi na kwa kiwango gani. Notisi ya kila upande. Ada ya huduma: inajumuisha nini, hasa maji, ulinzi, lifti na taka.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha anayepangisha ana haki ya kupangisha. Jina kwenye hati ya umiliki, au barua ya mmiliki ya kumteua, lilingane na kitambulisho chake. Dalali anayetaka "pesa ya kushikilia" kabla hujaona ndani mwambie hapana.

Siku ya kukabidhiwa piga picha zenye tarehe: mita ya umeme, mita ya maji, kila ukuta wa roshani, tumbo la roshani ya juu, kila kigae kilichopasuka, kizingiti. Mtumie mwenye nyumba picha hizo siku hiyo hiyo kwa njia inayobaki na kumbukumbu. Zikitumwa baada ya wiki mbili hazina nguvu ile ile.

Na jambo dogo lenye uzito: fungua bomba la jikoni na bafu kwa pamoja, ujaze ndoo ya lita 10. Ikichukua dakika 1 maji ni mazuri. Ikichukua 4, fanya jaribio hilo tena saa 12 asubuhi, kwa sababu msafiri wa kila siku anaoga wakati ambao jengo zima linaoga.

#14 Mchungulia

Asanteni sana wakuu. Swali la mwisho. Fleti mbili, kodi sawa: moja dakika 45 mlango hadi mlango bila roshani, nyingine dakika 65 yenye roshani nzuri ya mita 2 kwa 4. Mnaamuaje?

#15 NauliNaSaa

Tofauti ni dakika 20 kwa safari, mara 44, karibu saa 15 kwa mwezi. Jiulize roshani utaikalia saa ngapi. Ukirudi usiku siku za kazi ukakaa nusu saa mara tatu kwa wiki, na saa 3 mwishoni mwa juma, ni takriban saa 18 hadi 20. Zinaelekea kulingana, ila saa za roshani ni za hiari na za foleni si za hiari. Kwa anayekwenda kazini siku tano ningechukua ya dakika 45.

#16 UpepoWaJioni

Kwa anayefanya kazi nyumbani siku mbili au tatu kwa wiki hesabu inageuka. Kwa siku tatu nyumbani, safari zinashuka hadi karibu 18 kwa mwezi, tofauti inakuwa saa 6, na roshani inatumika mchana. Hapo ningechukua ya dakika 65, isipokuwa ikitazama magharibi bila kivuli.

#17 FundiZege

Na iwe imepita jaribio la lita 5. Mchungulia, ukipata nafasi nenda kesho yake baada ya mvua kubwa. Saa ishirini na nne baada ya mvua, ukuta wa ndani chini ya kizingiti utakuonyesha kila kitu: gusa kwa nyuma ya mkono kuanzia sakafuni hadi kimo cha goti, pande zote mbili za mlango. Ubaridi wa unyevu unausikia kabla doa halijaonekana.

#18 Mchungulia

Nimekuelewa mkuu. Jumatano saa 11 alfajiri nipo kituoni na saa ya kuhesabia, na saa 2 usiku nitaomba kuingia tena. Nitaleta vipimo hapa.